Mtoto wa Eseri wa Maharage

Wanajeshi walipofika Bwera kumtafuta mama yake Tsongo, hawakumkuta nyumbani. Wakaelekezwa sokoni Mpondwe, na huko wakamwona karibu na daraja, amekaa kwenye kigoda chake, anapepeta maharage. Walikuwa watatu, na mbele yao alitangulia mwenyekiti wa kijiji akiwa ameshika kofia mkononi. Mwenyekiti huyo hakuwa mtu wa kuvua kofia, hata kanisani walishazoea kumsihi. Eseri alipoona kichwa chake kitupu, akajua.

"Mama, twende nyumbani," mwenyekiti alisema.

"Semeni hapa," alijibu Eseri. "Nyumbani hakuna mutu. Mutaniambia mbele ya nani?"

Wanajeshi wakatazamana. Kiongozi wao, kapteni kijana aliyeitwa Ahimbisibwe, akachuchumaa ili macho yake yawe sawa na ya mama yule.

"Mama, Koplo Tsongo ameanguka. Jana asubuhi, upande wa Kongo."

"Ameanguka wapi?" Eseri aliuliza, kama kwamba mwanawe ameteleza kwenye tope na kilichobaki ni kumshika mkono ainuke.

"Ameanguka vitani, mama. Hatuko naye tena."

Eseri akaendelea kupepeta. Makapi yaliruka yakatua kwenye buti za kapteni, naye hakusogea. Mwishowe Phionah, aliyeuza mafuta ya mawese kwenye meza ya jirani, alikuja akamtoa ungo mikononi taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

Tsongo hakuzaliwa Bwera. Alizaliwa Kasese, kwenye safu za nyumba za wafanyakazi, wakati baba yake Blasio alipokuwa kibarua wa kiwanda cha saruji. Pale kila mlango ulikuwa na kabila lake: Waacholi, Wakiga, Wajaluo waliotoka Kenya, na Wakonzo kama wao. Akina mama walipokutana bombani walisemeshana Kiswahili, kila mmoja akikivunja kwa namna yake, na Eseri akakijulia hapo. Tsongo alipokuwa na miaka minane, Blasio alirudi kutoka kazini mchana mmoja akilalamika kichwa, akajilaza, hakuamka. Daktari alisema ni presha. Eseri akamchukua mtoto wake wa pekee, akarudi milimani Bwera kwa wakwe, nao wakamkatia kishamba cha upana wa mkeka.

Kishamba hicho kisingeweza kuwalisha. Ndipo Eseri akaanza kwenda Munkunyu na Nyakiyumbu kukusanya maharage kwa wakulima, na kuyauza Mpondwe siku za soko. Wateja wake wengi walikuwa wanawake waliovuka daraja kutoka Kongo, wengine kutoka Beni, wengine kutoka vijiji vya ndani zaidi. Kiswahili chao hakikuwa cha Kasese. Eseri ilimbidi ajifunze upya, na aliyemfundisha ni mwanawe, kwa maana mtoto hushika lugha kama nguo inavyoshika harufu ya moshi. Alipofika miaka kumi, Tsongo alikuwa akisimama juu ya jiwe nyuma ya magunia, anaita wateja kwa sauti nyembamba iliyopita juu ya kelele zote. Wanawake walikuja wakicheka. Wengine waliogopa wauzaji wa Uganda, wakidhani watadanganywa. Eseri alimwambia mwanawe: "Mutu akikuogopa, umutangulie na salamu. Mambo ya maharage itakuja nyuma."

Alikua hivyo, mrefu, mwembamba, mwenye meno ya mbele yaliyoachana. Shule aliifikisha mpaka kidato cha nne. Alipotimiza miaka ishirini na mmoja alisikia kwamba jeshi linaandikisha vijana kwenye uwanja wa mpira wa Kasese, akamwambia mama yake wakati wa chakula, macho yakiwa kwenye sahani.

"Nimezaa mumoja tu," Eseri alisema. "Jeshi iko na wengi."

"Mama, hapa nitakuwa nini? Nibebe magunia ya watu mpaka mugongo ivunjike?"

Siku tatu Eseri hakumsemesha. Siku ya nne aliamka alfajiri, akawasha mkaa, akampigia pasi shati jeupe ili asiende kuonekana mbele ya maafande kama mtu asiye na mama.

Tsongo alichukuliwa. Alifundishwa, akapelekwa Somalia, akakaa huko miaka miwili, akarudi amekonda na mwenye tabia mpya ya kukaa akiutazama mlango. Mabati ya nyumba ya Eseri yalitoka kwenye mshahara wa Somalia. Baadaye akaoa. Mke alikuwa Akidi, fundi cherehani wa Kasese, Mwacholi ambaye babu yake alikuja zamani kuchimba shaba. Eseri hakumpenda, wala hakuficha. Alitaka mkaza mwana atakayeongea naye Kikonzo wakati wa kupika, si mtu wa kukutana naye kwa Kiswahili kama mteja. Akidi alikuja Bwera kila Krismasi, akapika, akaosha, akaondoka; katika miaka minne yeye na mama mkwe wake walikuwa hawajawahi kukaa kwenye mkeka mmoja. Mtoto hawakujaliwa.

Kisha majeshi yakavuka kwenda Kongo kuwasaka waasi. Malori yalipita darajani asubuhi moja ya Ijumaa, soko limejaa, watu wakajibanza kandoni. Eseri hakujua kwamba Tsongo yumo. Alikuwa ameziba pua kwa kitambaa kwa ajili ya vumbi aliposikia sauti kutoka juu ya lori la tatu.

"Mama Eseri! Iko maharage leo?"

Soko zima likacheka. Eseri akainua ungo juu ya kichwa chake, kwa kuwa hakuona kitu kingine cha kuinua. Katika zile helmeti zilizofanana aliona mkono mmoja tu ukipunga, basi, lori likashika daraja. Hakumwona tena.

Tsongo alipiga simu Jumapili, mtandao ukipatikana. Aliuliza mvua, aliuliza mbuzi, aliuliza goti la mama yake. Mara moja Eseri alimuuliza, "Kazi yako huko ni gani?"

"Kazi yangu ni kusalimia watu, mama."

Alidhani anamtania.

Jeneza lilikuja limefungwa, na amri ikaja nalo kwamba lisifunguliwe. Eseri aliomba aone hata mkono. Kapteni Ahimbisibwe alikataa kwa upole, jasho likimtiririka kwenye kola, na Eseri akaelewa kwamba kijana huyu anamkinga na jambo fulani. Walimzika mtelemkoni, chini ya migomba. Kapteni akasoma karatasi: amezaliwa mwaka fulani, amejiunga mwaka fulani, amehudumu Somalia, amehudumu Kongo akiwa mkalimani wa kikosi, ameacha mjane na mama. Maneno hayakujaza ukurasa mmoja. Eseri alisubiri karatasi igeuzwe, lakini kapteni akaikunja, akaitia mfukoni. Miaka thelathini na moja ikawa imekwisha kusomwa. Risasi za heshima zikapigwa, mbuzi wakakata kamba wakakimbilia bondeni, na vijana wakashinda jioni nzima wakiwatafuta.

Ng'ambo ya kaburi alisimama Akidi katika nguo nyeusi aliyoishona mwenyewe. Wanawake wa Bwera walimsemesha Kikonzo polepole na kwa sauti kubwa, kama vile tatizo lilikuwa masikio yake. Matanga yalipovunjwa alimuaga Eseri kwa kupiga goti, akapanda gari, akarudi Kasese.

Ndipo upweke wenyewe ulipoanza. Kilio kina watu. Baada ya kilio kila mtu huenda kufunga mbuzi wake. Wiki ya kwanza majirani walileta ugali na sombe ya majani ya muhogo. Wiki ya pili walileta chumvi. Baada ya mwezi walipita njiani wakasalimia kwa mbali, wakiharakisha, kama wanaodhani msiba huenea kwa upepo. Sokoni, Eseri akikaribia, mazungumzo yalishuka. Hakuna aliyelitaja jina la Tsongo mbele yake, eti wasimtoneshe, na Eseri, ambaye angetoa gunia zima ili mtu alitaje, hakujua namna ya kuliomba neno kama hilo.

Alianza kusema peke yake. Aliwauliza kuku kama wameshiba, akajijibu. Alikuwa na umri wa miaka sitini na miwili na kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliweza kukaa siku mbili bila mtu kumwita. Kutoka mlangoni kwake vilima vya Kongo vilionekana vizuri, hasa baada ya mvua, na jioni aliona moshi wa mapishi ukipanda huko. Alivitazama vile mtu anavyotazama nyumba ya jirani ambamo kitu chake kilivunjikia, na hakuna aliyekuja kumweleza kilivunjikaje. Mwana aliyemzaa, akalala naye, akauza naye, alikuwa amekufa mwendo wa siku moja tu kutoka pale. Naye alijua nini? Ukurasa usiojaa.

Mwezi wa saba baada ya maziko Akidi alimpigia simu. Walisalimiana, kisha Akidi akasema, "Mama, kuna mutu hapa Kasese. Rafiki yake wa jeshi. Anataka kukuona lakini anaogopa."

"Anaogopa nini? Mimi mama muzee?"

"Anaogopa utamuuliza."

"Mwambie nakuja kumuuliza," alisema Eseri.

Chumba cha Akidi kilikuwa nyuma ya safu ya mafundi, si mbali na stesheni ya zamani ya reli ambako treni ilikoma kufika. Kwenye baraza la duka la jirani alikaa kijana mweusi, mnene wa mabega, akitengeneza simu kwa bisibisi ndogo. Suruali yake upande wa kushoto ilikunjwa na kubanwa kwa pini juu ya goti. Aliitwa Magidu, mtu wa Iganga. Duka lilikuwa la mjomba wake, na tangu atoke hospitali alikuwa hajaenda kwao. Alipomwona Eseri alitafuta magongo yake asimame, akayaangusha, na Eseri akamkandamiza bega akae.

"Kaa, mutoto wangu. Sikuja kukusimamisha."

Walimwingiza chumbani. Akidi alikaa kwenye cherehani, akaendelea kushona ukosi wa sare ya shule, huenda ili apate pa kuweka macho. Magidu alikunywa chai yote kabla ya kufungua kinywa.

"Mama, mimi ndiye nilikuwa nabeba bunduki yake."

"Yeye alikuwa hana mikono?"

"Alikuwa anaenda bila bunduki." Magidu alipangusa midomo. "Nitakwambia kama ilivyokuwa. Tulipofika vijiji vya kule, watu walikuwa wanatukimbia. Waasi wanavaa kombati, jeshi ya Kongo inavaa kombati, na sisi tunavaa. Mwanamke amejificha kwenye shamba la kakao na watoto, atajua nani ni nani? Unafika kijiji, sufuria iko motoni, mtu hakuna. Na sisi tunataka kuwauliza waasi wamepita wapi, tunataka kuwaambia kuna dawa, kuna chakula. Hawatoki. Siku moja Tsongo akamwambia afande, niache nitangulie. Afande akakataa. Kesho yake tena. Siku ya tatu afande akasema, sawa, lakini ukifa usinilaumu."

Akidi alikuwa akishona polepole sana sasa.

"Akanipa bunduki yake. Akatoa helmeti. Akaenda mbele, labda kama kutoka hapa mpaka barabarani, akasimama mahali wazi, akanyoosha mikono hivi. Akaanza kuita."

"Kuita nini?"

Magidu alitazama kikombe kitupu. Cherehani ikanyamaza.

"Alikuwa anakuita wewe, mama. Anaanza na Kikonzo chenu, maana wa kule wanasikia, halafu anaweka Kiswahili chao. Anasema: 'Bamama, musiogope! Miye ni mutoto ya Mama Eseri wa maharage, Eseri wa Mpondwe! Mukuje munisalimie!' Hivyo. Anarudia. Kama mtu wa soko."

Eseri alishika ukingo wa kitanda.

"Kwa nini jina yangu?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akaniambia, Magidu, jina ya Uganda wanaiogopa. Jina ya jeshi wanaiogopa. Mimi hawanijui. Lakini mama yangu ameuzia wanawake wa huku maharage miaka ishirini." Kijana akatabasamu kidogo. "Na walitoka, mama! Siku ya kwanza alitoka bibi mmoja, amejifunga nguo kiunoni, ana panga. Akasema, 'Eseri gani? Yule alinichanganyia mawe?'"

"Mimi sichanganyi mawe!" Eseri alimaka.

"Tsongo alimjibu vile vile! Alisema, 'Mama yangu hachanganyi mawe!' Wakagombana pale mbele ya kikosi chote, na sisi tuko chini na bunduki. Bibi akaanza kucheka. Akaita wengine. Walitoka watu arobaini kwenye kakao ile."

Wote watatu walicheka. Eseri alicheka mpaka akafunika uso kwa kitenge, na alipokuwa ndani ya kitenge kicheko kikageuka kilio. Walimngoja.

"Sema ya mwisho," alisema humo ndani.

Magidu aliieleza kwa maneno machache. Kijiji cha nyumba tano, kando ya mto. Tsongo aliita mara tatu, hakuna aliyejibu. Akageuka akawaambia wenzake, "Leo wanaogopa sana," akasogea hatua chache tena, mikono wazi. Waliokuwa kwenye kakao siku ile hawakuwa wanakijiji. Magidu alikimbia kumfuata akiwa na bunduki mbili, yake na ya Tsongo, na hapo ndipo mguu wake ulipobakia.

"Alikufa mara moja?"

"Mara moja, mama. Hakuumia."

Eseri alimtazama. Alikuwa amekaa sokoni miaka mingi kuliko umri wa kijana huyu jeshini, na uso wa mtu anayesema uongo wa huruma aliujua. Alitaka kuuliza tena. Kisha akaona mkono wa Magidu ukisugua hewa pale ambapo goti lingekuwa, akaliacha swali hapo.

Jioni ile Akidi alipika samaki wa Katwe kwa nyanya, na wanawake wawili wakala. Mwisho Eseri alisema, "Huyu kijana alikuambia lini?"

"Miezi minne imepita."

"Miezi minne! Na mimi niko pale nasemesha kuku. Kwa nini hukuniambia?"

Akidi alikusanya mifupa ya samaki kwenye sahani moja kabla ya kujibu.

"Mama, kila kitu chake kilikwenda Bwera. Mwili wake, bendera, watu wa kulia. Pale kaburini niliwekwa upande wa wageni. Hii nilitaka ikae kwangu kidogo. Halafu nikaona si vizuri."

Eseri angeweza kusema pole, na neno lilifika mpaka kooni, lakini miaka minne ya Krismasi zile ilikuwa imekaa njiani. Alilala kitandani, Akidi akalala chini, na asubuhi wakaagana mlangoni. Akidi alipiga goti kama desturi.

Aliporudi Bwera, Eseri hakwenda sokoni wiki mbili. Alikaa ndani na hasira. Kwanza aliwakasirikia maafande, kisha Magidu kwa kuwa na mguu mmoja badala ya kuwa maiti, kisha akajigeukia mwenyewe. Nani alimfundisha mtoto kuita? Nani alimwambia amtangulie mtu mwenye hofu? Jina lake, alilopewa kwa ubatizo na akina mama wa kanisa, lilikuwa limempeleka mwanawe mbele ya risasi. Heri angemzaa bubu. Phionah alikuja kumjulia hali, akaita kutoka uani, "Eseri! Mama Eseri!" Naye akamjibu kutoka kitandani, "Usiniite hiyo jina." Phionah alikaa mlangoni kwa muda, kisha akaacha chupa ya mafuta kizingitini, akaenda zake.

Kilichomtoa ni fukusi. Waliingia kwenye magunia, unga ukaanza kumwagika chini, na mtu aliyeishi kwa maharage hawezi kuyatazama yakiliwa, hata kama moyo umekufa. Alianika, akapepeta, akayapeleka Mpondwe. Mteja wa kwanza akamwita kwa jina lile lile na Eseri hakufa.

Siku hiyo alianza kuuliza. Kila mwanamke aliyevuka daraja alimuuliza anatoka kijiji gani, na kama aliwahi kumsikia askari aliyekuwa akiita. Wengi hawakusikia kitu. Wengine walisikia habari tu, kwa watu wa watu. Wengine walimwogopa, wakanunua kwa Kellen, muuza maharage mwingine, ili wasiulizwe. Phionah alimwambia anafukuza wateja. Eseri akasema waende.

Ilikuwa Jumanne moja, mwezi wa tatu tangu aanze kuuliza, mwanamke wa makamo aliposimama mbele ya ungo wake bila kugusa maharage. Alibeba beseni tupu. Jina lake, alisema baadaye, ni Kahambu.

"Banasema unauliza juu ya ule askari," alisema. "Ule mwenye alikuwa anaita jina yako."

"Ulimusikia?"

"Nilimusikia."

Eseri akamsukumia kigoda chake, yeye akakaa juu ya gunia.

"Tulikuwa batatu mu kakao," Kahambu alisema. "Miye na dada yangu na mutoto wake. Nilisikia sauti. Jina nilijua, nilinunuaka kwako zamani, mbele vita ianze. Dada yangu akasema, tutoke, ni mutoto ya Eseri. Nikamukamata muguu. Nikamuambia, ni bale batu, bamejifunza jina. Bengine balitoka, tuliona banapewa biskuti. Siye tulilala chini mupaka jua likaanguka. Hatukutoka." Alishika mdomo wake. "Aliita sana, mama. Alikuwa anajua kama kuna batu bamebakia. Aliita mupaka sauti ikaisha, na miye niko pale, hata mita makumi mbili. Unisamehe."

Eseri alitafuta ndani yake kitu cha kumpa mwanamke huyu. Hasira haikuwepo. Faraja haikuwepo pia. Kulikuwa na njaa tu, njaa ile ile ya miezi yote.

"Sauti yake ilikuwa namna gani?" aliuliza.

Kahambu alifikiri. "Haikuwa ya askari. Ilikuwa ya mutu anasimama mu soko, na iko na furaha kidogo. Njo maana niliogopa. Nilisema, nani atakuwa na furaha hapa?"

Eseri alimwomba aseme tena. Kahambu akasema tena. Walikaa hivyo, mmoja kwenye kigoda na mwingine kwenye gunia, mpaka watu wa forodha walipoanza kupaza sauti kwamba daraja linafungwa. Eseri akajaza beseni la mwanamke yule maharage, akamfunga kwa kitambaa yasimwagike, na Kahambu akaenda zake upande wa Kongo, akigeuka mara moja tu.

Jumamosi Eseri alivaa gomesi, gauni lake la kanisani, akaenda Kasese. Tangu Jumanne hakuwa amemwambia mtu yeyote, si Phionah, si mchungaji. Alitaka Akidi awe wa kwanza. Njia nzima alipanga maneno: nitamwambia alikuwa na furaha. Nitamwambia, hii nimekuletea wewe, haijafika Bwera kwa mtu mwingine.

Mlango wa Akidi ulikuwa na kufuli. Cherehani haikusikika ndani. Magidu, aliyekuwa palepale na simu zake, alimweleza kwamba Akidi amekwenda Kitgum, huko kwa Waacholi, kwa wajomba zake, tangu mwisho wa mwezi. Huenda angerudi baada ya mavuno, huenda asingerudi. Kodi ya chumba amelipa mpaka Desemba.

"Nimpigie, mama? Namba yake iko hapa."

Eseri alikaa kwenye benchi, mkoba juu ya mapaja. Vumbi la Kasese, jeupe, lilipita barabarani na kutua kwenye viatu vyake.

"Hapana," alisema. "Hii si ya simu. Akipiga, umwambie kuna kitu chake kiko kwangu."

"Kitu gani?"

"Atakuja achukue."

Magidu aliandika hayo kwenye kipande cha boksi asije akasahau. Eseri alimwuliza kama ameshaenda Iganga kumwona mama yake. Magidu akatikisa kichwa. "Uende," Eseri alimwambia, "mama yako hatahesabu miguu," na kijana akainama akajifanya anatafuta bisibisi chini ya meza. Gari la Bwera likaja kabla hawajasema mengi. Saa kumi alikuwa ameshuka kwenye lami, mvua ndogo imeanza kutoka milimani, na akapanda njia ya kwake akiwa amejitanda kanga kichwani, bila haraka, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimngoja.